Piyesi mbili zilizokataa kukubaliana: historia ya mastavake na metre-silindre



Kwenye ukurasa huu tunasomaka historia ya wafalme, ya vita, ya uhuru na ya vyama vya siasa. Leo niruhusuni niandike historia ya piyesi mbili za gari: mastavake, ile sahani kubwa ya chuma nyeusi yenye kusaidia mguu kukanyaga freni, na metre-silindre, ile pampu ndogo iliyofungwa mbele yake, yenye kusukuma mafuta ya freni mpaka kwenye magurudumu. Mimi si mekanisie. Nilisoma agronomi, na lisansi yangu ilikuwa juu ya viazi vya milimani. Lakini mwaka wa kwanza kisha kumaliza masomo, piyesi hizo mbili karibu ziue watu 6, na saini iliyokuwa kwenye karatasi ya kuzinunua ilikuwa yangu.

Mambo yalikuwa hivi. Kikundi chetu cha walimaji kilikuwa na Land Cruiser pikapu ya zamani, ya safu ya 40, dizeli. Ilikuwa inateremsha viazi na makabichi kutoka milima ya Lubero kuja Butembo. Freni zake zilikuwa tambure mbele na nyuma. Wakati wa mvua maji yalikuwa yanaingia ndani ya tambure, ukikanyaga gari inavuta upande mmoja, ao haishike kabisa mpaka ukanyage mara tatu. Tukafanya mkutano, tukakubaliana: tuweke diske mbele, zile za Land Cruiser ya miaka ya nyuma zaidi. Wazo lilikuwa zuri. Kwenye dunia yote watu wenye magari haya wanafanyaka vile.

Diske na etriye zake tulizipata kwenye gari moja lililokufa. Mwenye gari akataka kutuuzia pamoja na mastavake na metre-silindre yake. Bei ikatupita. Mimi, sekretere wa kikundi, nikaona njia ya kuokoa pesa ya wamama: mastavake nikaitoa kwenye gari lingine lililoharibika, na metre-silindre kwa muuzaji wa tatu. Wote waliniambia neno moja: "Ni Toyota na Toyota, itaingia." Na kweli iliingia. Buloni zilikaa kwenye matundu yake, tuyo zikafungwa, mafuta yakajazwa. Nikaandika kwenye daftari kiasi cha pesa tulichookoa, nikajisikia mtu wa maana.

Siku ya tatu, tukiwa tumepakia magunia, freni zilianza kujishika zenyewe. Shofere akasema gari iko nzito. Tukasikia harufu ya kuungua. Tukasimama, tukangoja, freni zikaachia, tukaendelea. Kwenye mteremko uliofuata pedali ikaenda chini mpaka kwenye ubao, kama vile inakanyaga hewa. Shofere, Mungu ambariki, akaingiza gari kwenye ukingo wa mlima kuliko kuiacha iende upande wa bonde. Hakuna aliyekufa. Mama mmoja alivunjika mkono, na mpaka leo hawezi kushika jembe sawasawa. Viazi vilitapakaa barabarani, watoto wakaviokota.

Gari ikapelekwa kwa mzee mmoja mwenye garaji isiyo na kibao. Alitoa piyesi zote, akaziweka juu ya meza. Sikutazamia ulizo lake la kwanza. Hakuniuliza, "Mulinunua bei gani?" wala "Nani alifunga?" Aliniuliza: "Agronome, hii metre-silindre ilitoka kwenye gari gani, na gari hiyo ilikuwa na nini kwenye magurudumu?"

Sikujua. Nilinunua chuma, sikuuliza kilikotoka. Siku ile nilielewa kama piyesi ya okazio ni sawa na karatasi ya arshive. Bila kujua iliandikwa na nani, lini, na kwa kazi gani, utaisoma vibaya. Ndiyo maana naandika hapa, mbele ya wenye kusoma historia.

Mfaransa mmoja na mlima wake

Tuanzie mbali kidogo, juu ya piyesi hizi mbili ziko na babu mmoja.

Karne ya 17, Blaise Pascal, Mfaransa, alieleza jambo ambalo tulilikariri kwenye sekondari bila kujua litatuokoa ao litatuua: ukisukuma maji yaliyofungwa ndani ya chombo, nguvu ya kila sentimita ya mraba inafika sawa pande zote. Kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1663, mwaka mmoja kisha kifo chake. Metre-silindre ni sheria hiyo. Mguu unasukuma pistoni ndogo, mafuta yanasukuma pistoni kubwa kwenye magurudumu, na nguvu inaongezeka kufuatana na ukubwa wa pistoni. Lakini hakuna cha bure: ukipata nguvu, unalipa kwa mwendo. Pistoni ndogo inabidi itembee mbali zaidi.

Mastavake nayo inatokana na kazi nyingine ya Pascal. Tarehe 19 Septemba 1648, shemeji yake Florin Périer alipanda mlima Puy de Dôme akiwa na bomba la zebaki. Juu ya mlima, zebaki ilishuka kwa sentimita 8 hivi kuliko bustanini kule Clermont. Ikajulikana kama hewa iko na uzito, na kama ukipanda, uzito huo unapungua. Puy de Dôme iko na metre 1 465. Uso wa ziwa letu la Kivu uko karibu na kimo hicho hicho. Mukumbuke jambo hilo, tutalirudilia.

Mafuta ya mbarika na vikombe vya ngozi

Magari ya kwanza yalikuwa na freni za vyuma na kamba za waya. Ukikanyaga, fimbo inavuta fimbo. Ugumu ulikuwa kusawazisha: gurudumu moja linashika mbele ya lingine, na gari inapinda.

Mmarekani Malcolm Loughead ndiye alileta mafuta. Yeye na ndugu yake Allan walikuwa wajenzi wa ndege, na jina lao ndilo limekuwa Lockheed. Mwaka 1917 alipata hati ya ubunifu wa freni za mafuta. Mwaka 1921 gari la Duesenberg Model A likatoka na freni hizo kwenye magurudumu yote 4. Juu ya Pascal, magurudumu yote yalipata mgandamizo sawa bila mtu kurekebisha fimbo.

Lakini mafuta yalikuwa yanavuja. Vikombe vya kuziba ndani ya silindre vilikuwa vya ngozi ya mnyama. Wahandisi wa Chrysler waliviondoa, wakaweka vya kaucho, na mwaka 1924 gari la Chrysler likatoka na freni za mafuta kwenye magurudumu yote kwa bei ambayo watu wengi zaidi waliweza. Ford alikataa mpaka gari za mwaka 1939.

Kwa mtu wa agronomi, hapa kuna mambo mawili ya kusimamia. Mafuta ya freni ya wakati ule yalikuwa mchanganyiko wa pombe na mafuta ya mbarika, ule mmea unaoota nyuma ya nyumba zetu bila mtu kuupanda. Walichagua mbarika juu mafuta yake hayaharibu kaucho, wakati mafuta ya petroli yanaifanya ivimbe. Sheria hiyo ingali hai: mtu akiweka mafuta ya motere ndani ya freni, vikombe vya kaucho vinavimba na kushika. Jambo la pili ni hiyo kaucho yenyewe. Neno hilo hatuwezi kulitaja Kongo bila kukumbuka mikono iliyokatwa wakati wa Leopold II, kati ya 1885 na 1908. Wakati Chrysler anaweka vikombe vyake, kaucho ya dunia ilikuwa inatoka zaidi kwenye mashamba ya Asia. Lakini njaa ya kaucho iliyoleta mateso yale ilianza na magurudumu: mwaka 1888 Dunlop alitoa pine yenye hewa, na dunia yote ikaitaka. Historia ya gari na historia yetu si vitabu viwili.

Mbelgiji na nguvu ya hewa

Magari yakawa mazito, yakaenda mbio, na mguu wa mtu ukabaki ni ule ule. Ndipo akatokea Albert Dewandre, mhandisi Mbelgiji. Alifikiri: motere ya petroli, wakati inavuta hewa, inaacha utupu kwenye bomba lake. Kwa nini utupu huo usisaidie mguu? Mwaka 1927 Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza freni ya Bosch-Dewandre. Uingereza nako jina lake likabaki kwenye kampuni ya Clayton Dewandre. Marekani, gari la Pierce-Arrow la 1928 likatoka na msaada wa namna hiyo. Wakati ule Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji. Sisi hatukuulizwa kitu, lakini leo wazo la Mbelgiji yule linateremsha viazi vyetu.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi. Ndani ya sahani ile kuna membrani ya kaucho inayogawanya chumba mara mbili. Mguu ukiwa umepumzika, kuna utupu pande zote. Ukikanyaga, mlango mdogo unafunguka, hewa ya inje inaingia upande wa dereva. Hewa inasukuma membrani kuelekea utupu, na membrani inasukuma fimbo ya metre-silindre. Kwa hiyo mastavake haina nguvu yake yenyewe. Nguvu ni ya hewa tunayopumua. Jina lenyewe lilikuwa la biashara, Master-Vac la kampuni ya Bendix, likaingia kwenye Kifaransa cha garaji, kisha kwenye Kiswahili chetu.

Motere ya dizeli haizuie hewa inayoingia, kwa hiyo haitoe utupu wa kutosha. Inabidi pampu. Kwenye Toyota nyingi za dizeli za zamani, pampu hiyo imefungwa nyuma ya alternata. Ndiyo maana mtu anaweza kubadilisha alternata kwa nia njema, akaweka isiyo na pampu, na gari ikapoteza freni. Wengi wanatafuta ugonjwa kwenye mastavake wakati ugonjwa uko kwenye alternata.

Diske zilibadilisha hesabu yote

Kwa miaka mingi tambure zilitosha, juu ziko na akili yao: zikishika, mzunguko wa gurudumu wenyewe unavuta viatu vya freni kwa ndani, na freni inajiongezea nguvu. Lakini tambure inafungia joto na maji ndani. Mwaka 1953 Jaguar ilishinda mashindano ya Le Mans ikiwa na diske za Dunlop. Mwaka 1955 Citroën DS ikatoka na diske mbele. Kidogo kidogo dunia yote ikafuata. Land Cruiser ya safu ya 40, iliyoanza 1960 ikiwa na tambure, ilipata diske mbele kwenye miaka ya katikati ya 1970.

Jambo ambalo sikulijua ni hili: diske haijisaidie. Inabanwa na plaketi pande mbili, basi. Kwa hiyo inataka mgandamizo mkubwa kuliko tambure. Tena pistoni za etriye ni kubwa kuliko za tambure, kwa hiyo zinataka mafuta mengi. Ili kupeleka mafuta mengi, metre-silindre inabidi iwe nene zaidi. Metre-silindre ikiwa nene, mgandamizo unapungua kwa mguu ule ule. Ili kurudisha mgandamizo, mastavake inabidi iwe kubwa zaidi. Munaona mnyororo? Wahandisi hawakubadilisha kitu kimoja, walibadilisha vyote vinne pamoja. Sisi tulichukua mwisho mmoja wa mnyororo, tukaufunga kwenye mnyororo wa gari lingine.

Tuweke hesabu. Tuseme mguu na mastavake kwa pamoja vinasukuma kilo 200. Metre-silindre yenye kipenyo cha inchi 7/8 iko na eneo la sentimita za mraba 3,88, kwa hiyo mafuta yanapata kilo 51 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Ile ya inchi 1 iko na 5,07, kwa hiyo ni kilo 39 hivi. Utasema: basi ile ndogo ni bora. Ngoja kwanza. Ili kusukuma sentimita za ujazo 10 za mafuta, pistoni ya 7/8 inatembea sentimita 2,6, na ya inchi 1 inatembea 2. Kama pedali inazidisha mara 4, mguu unashuka sentimita 10 upande mmoja, na 8 upande mwingine. Tofauti hiyo ndogo, kwenye gari lenye diske kubwa na plaketi zilizochakaa, ndiyo inatenganisha kusimama na kugonga ubao.

Mzee anasoma piyesi zangu

Sasa turudi kwenye meza ya yule mzee. Alichukua metre-silindre yangu, akapangusa udongo, akanionyesha alama kwenye ubavu: 7/8. "Hii ilikuwa na tambure pande zote," akasema. Kisha akaingiza sindano kwenye tundu la kupeleka mafuta mbele, akatoa kijimpira na springi ndogo. Hicho ni kilango kinachozuia mafuta yasirudi yote. Kwenye tambure ni lazima: kinabakiza mgandamizo kidogo, kama bari 0,7, ili vikombe vya kwenye magurudumu vikae vimeziba. Lakini diske haina springi ya kurudisha plaketi. Mgandamizo ukibaki, plaketi zinaendelea kusugua diske wakati mguu umetoka.

"Hiyo ni moja," akasema. Akachukua mastavake, akapima fimbo inayotokea mbele, akapima na tundu la pistoni ya metre-silindre. Fimbo ilikuwa ndefu. Kati ya fimbo na pistoni inabidi kubaki nafasi ndogo sana, isiyofika hata milimita moja. Fimbo ikiwa fupi, pedali inakuwa na mwendo wa bure. Ikiwa ndefu, pistoni hairudi mpaka mwisho, inabaki imefunika katundu kadogo ambako mafuta yanapitia kurudi kwenye chupa. Mafuta yakipata joto yanapanuka, hayana pa kwenda, yanabana freni zaidi, joto linazidi. Ndiyo sababu tuliposimama tukangoja, freni ziliachia: mafuta yalipoa. Na ndiyo sababu kisha pale pedali ilienda chini: mafuta yalichemka, yakatoa mvuke, na mvuke unabanika, hausukumi kitu.

Nikamwambia: "Papa, lakini buloni zote ziliingia."

Akanijibu: "Agronome, mbegu zote zinaingia kwenye shimo."

Sikuwa na la kujibu. Mwaka mzima nilikuwa ninawakatalia walimaji kupanda viazi walivyovikuta sokoni bila kujua vilitoka kwenye shamba gani, juu ugonjwa unakuja ndani ya kiazi bila kuonekana. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepanda metre-silindre ya sokoni.

Jambo moja tu lilitusaidia siku ile, nalo pia ni la historia. Zamani metre-silindre ilikuwa na chumba kimoja: tuyo moja ikipasuka, freni zote zinakwisha. Mwaka 1962 Cadillac na American Motors zilitoa gari zenye vyumba viwili, na tangu Januari 1968 sheria ya Marekani ikalazimisha freni ziwe na njia mbili kwenye gari jipya. Ile yangu, hata kama haikufaa, ilikuwa ya vyumba viwili. Mafuta ya mbele yalipochemka, ya nyuma yalibaki na nguvu kidogo, na shofere akapata muda wa kuchagua ukingo. Kama ningenunua ile ya chumba kimoja niliyoonyeshwa kwa bei ya chini zaidi, nisingekuwa ninaandika hapa.

Mlima wa Pascal ni mlima wetu

Nilisema tutarudilia Puy de Dôme. Mastavake inasukumwa na uzito wa hewa, na sisi tunaishi juu. Pembeni ya bahari, hewa inasukuma kilo 1,03 kwa kila sentimita ya mraba. Butembo, karibu na metre 1 750, ni kilo 0,84 hivi. Mastavake ya inchi 8 iko na eneo la sentimita za mraba 324. Kama pampu ingevuta hewa yote ndani yake, Mombasa ingesukuma kilo 334. Butembo ile ile ingesukuma 272. Ni kilo 60 zimepotea bila kitu chochote kuharibika. Na kwa kweli hakuna pampu inayovuta hewa yote, kwa hiyo msaada unapungua kwa sehemu kubwa kuliko hiyo.

Kwa hiyo gari inayofika kwetu kutoka Japani kupitia Mombasa ao Dar es Salaam inapoteza nguvu ya freni wakati inapanda, na inaikosa mahali inaihitaji zaidi: kwenye mteremko wa Kabasha ukitoka Kanyabayonga kwenda bonde la Rwindi, ao ukishuka kutoka Butembo kwenda Beni. Yule anayechagua mastavake ndogo "juu inatosha" anachagua kwa hesabu ya watu wa pwani. Hapa kwetu, pampu dhaifu ao membrani iliyotoboka kidogo haisamehe.

Tulifanya nini kisha pale

Tulirudi kwa yule mwenye gari lililokufa, tukanunua mastavake na metre-silindre zilizozaliwa pamoja na zile diske. Kwa bahati zilikuwa bado hazijauzwa. Tulilipa pesa ile ile niliyojisifu kuiokoa, na juu yake tukalipa hospitali ya yule mama. Metre-silindre ilikuwa ya inchi 1. Mzee alibadilisha vikombe vyote vya kaucho, akapima fimbo, akatoa hewa kwenye metre-silindre juu ya meza mbele ya kuifunga, kisha kwenye magurudumu. Kwa nyuma, ambako tambure zilibaki, aliacha kilango chake. Chupa kubwa ya mafuta akaielekeza kwenye diske, juu plaketi zikichakaa zinakula mafuta mengi.

Haiwezekani kila mara kupata vyote kwenye gari moja. Tunaishi kwa piyesi za okazio, tutaendelea kuishi nazo, na sioni haya juu ya jambo hilo. Lakini mbele ya kulipa, maulizo ni machache, na kila mmoja wetu anaweza kuyauliza hata kama hajui kushika ufunguo:

Ilitoka kwenye gari gani, na gari hiyo ilikuwa na diske ao tambure, mbele na nyuma? Kipenyo kilichoandikwa ubavuni ni ngapi? Ndani kuna kilango cha tambure? Fimbo ya mastavake imepimwa pamoja na metre-silindre hii, ao kila moja peke yake? Kama ni dizeli, pampu ya utupu iko wapi na inavuta?

Na kipimo cha mwisho, cha bure: zima motere, kanyaga pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu, bakisha mguu umeshikilia, washa motere. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, mastavake inapata utupu na inafanya kazi. Isiposhuka, musipakie watu. Kisha ujaribie mahali pa sawa, bila muzigo, uendeshe dakika chache, ushuke, uweke mkono karibu na kila gurudumu. Lile lenye kuwa na moto kuliko mengine limeshikwa.

Sasa kikundi chetu kiko na daftari ya gari, kando ya daftari ya pesa. Kila piyesi inaandikwa: ilitoka wapi, lini, kwenye gari gani, nani aliipima. Mzee yule hakusoma Pascal, lakini anafanya hesabu yake kwa vidole kila siku. Sisi tuliosoma Pascal tulimwacha kwenye kitabu. Wenzangu wa fizikia na wa polyteknike mulioko kwenye chama hiki, garaji ziko kwenye kila kata, na ndani yake kuna wazee ambao wakifa watakwenda na vipimo vyote. Muende na daftari. Musiende kufundisha kwanza, muende kuandika.

Yule mama ananisalimia vizuri tukikutana sokoni. Ananiita "Agronome" kama zamani. Ananyoosha mkono wa kushoto, juu wa kuume haugeuki tena.

Kama kwenye eneo lenu kuna mtu anayejua piyesi za aina hii, ao kama nimekosea mahali kwenye hesabu, muandike hapa chini. Tuko pamoja.